Usonji Wake na Kifafa Chake

Mjukuu wangu ana mambo mawili, na karibu kila anayemwona huyafanya moja. Ana usonji, na ana kifafa. Akicheka peke yake barazani, watu husema hicho kifafa kinakuja. Akianguka, husema mwacheni, ndivyo alivyo, ana usonji. Nimefundisha shule ya msingi huku Butiama mpaka nilipostaafu, na nimewaona watoto wengi waliotiwa kapu moja, wakaitwa wagonjwa, kisha wakaachwa humo. Huyu sitaki aachwe. Usonji ni namna alivyoumbwa kuuona na kuusikia ulimwengu. Hauna kidonge, wala siutafutii. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Kina dawa, na dawa hiyo ni haki yake sawa na mtoto anayesema, anayejibu salamu na kuimba kanisani.

Mama yake, binti yangu, anafanya kazi Bunda mjini. Mtoto hukaa kwake siku za wiki, kwangu Butiama siku nyingine, na kliniki yetu iko Musoma. Kwa hiyo maisha yake yamepangwa kwenye barabara hizo, ndani ya haisi na michomoko, na mimi nimejifunza kupanda gari la alfajiri lenye watu wachache, nimkalishe dirishani, maana gari likijaa na muziki ukifunguliwa huziba masikio na kupiga kelele mpaka konda aombe tushuke.

Ana miaka sita. Hasemi. Anapenda vizibo vya soda: huvipanga mstari mmoja kwa rangi, na ukikiondoa kimoja atajua. Hawezi kuvumilia mlio wa mashine ya kusaga. Mchuzi wa sato ukigusa ugali, sahani nzima ameiacha. Anapofurahi hupeperusha mikono na kuzunguka. Haya yote ni usonji, na tumeyazoea.

Kifafa kilikuja kimyakimya, na kilikuja nyuma ya mambo hayo hayo.

Alipokuwa na miaka miwili hivi alishikwa na malaria, homa ikapanda, akapata degedege. Wazazi wa huku wanalijua degedege. Linampata mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano joto la mwili linapopanda, na watoto wengi wakishalipata hukua salama bila kifafa. Lakini linatisha, na kwa sababu linatisha lina hadithi nyingi: kwamba ni shetani, kwamba ni ndege aliyepita juu ya nyumba, kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliandika jinsi mama walivyowafukiza watoto kwa kinyesi cha tembo. Huku kwetu Bunda, ambako tembo wa Serengeti huingia mpaka mashambani, dawa hiyo haiko mbali, na bado wapo wanaoanza nayo. Mimi nasema kwa mapenzi yote: mtoto mwenye homa akipata degedege, mpeleke kwanza kwenye kipimo cha malaria. Linaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, na hizo hazisubiri moshi uishe.

Wetu alitibiwa akapona. Miaka miwili baadaye, bila homa yoyote, nikaanza kuona kitu.

Alikuwa akicheza na vizibo vyake, mkono ukasimama. Macho yakaelea kushoto. Midomo ikaanza kutafuna na hakuna kitu mdomoni. Mkono wa kulia ukawa unachuna nguo, unachuna, unachuna. Dakika moja hivi. Kisha akapepesa macho, akajilaza pale pale chini akalala usingizi mzito, naye si mtoto wa kulala mchana. Waliokuwepo wakasema huyo ameingia kwenye dunia yake. Ndiyo, watoto wenye usonji huwa na muda wa kuzama. Hutazama feni ikizunguka, hutazama vumbi kwenye mwanga wa jua, na ukiwaita hawageuki. Lakini mimi nilikaa darasani miaka mingi nikiangalia nyuso za watoto, na uso huu haukuwa wa mtoto aliyezama kwenye jambo linalompendeza. Ulikuwa mtupu.

Tulipofika kliniki, muuguzi kijana, mwenye heshima sana, aliniuliza swali ambalo huulizwa kila mzazi: "Bibi, ikimtokea hivyo, ukimwita jina anaitika?"

Nikamjibu, "Mwanangu, huyu hata akiwa mzima haitiki."

Hapo ndipo penye ugumu wote wa watoto hawa. Njia za kawaida za kukitambua kifafa zimewekwa kwa mtoto anayeitika. Huulizwa kama mtoto alisikia, kama alijisikia vibaya kabla, kama anakumbuka kilichotokea. Mtoto asiyesema hawezi kukujibu hata moja. Inabidi umtafutie swali lake mwenyewe. Langu lilikuwa kopo. Nilikuwa na kopo la bati lenye vizibo ndani, na nilijua kwamba popote alipo, hata akiwa amezama kiasi gani, nikilitikisa mara moja hugeuka, maana ni mali yake. Siku nyingine macho yalipoelea nililitikisa karibu kabisa na sikio. Hakugeuka. Nikamgusa shavu, nikamtekenya mguuni mahali ambapo hucheka siku zote. Hakuna. Kisha mwenyewe akarudi, akalisikia kopo, akanyoosha mkono alitake.

Kwa mtoto wako kitakuwa kitu kingine: mlio wa karatasi ya biskuti, wimbo fulani kwenye simu, harufu ya kitu anachokipenda. Tafuta kile ambacho hajawahi kukipuuza. Akikipuuza, na macho yake hayako nawe, na mkono au mdomo unafanya jambo lilelile lisilo na maana, na baadaye amechoka au amelala, mpeleke hospitali ukaeleze hivyo hivyo. Kupeperusha mikono kwa furaha unaweza kukukatiza. Ukimpa kitu anachokitaka ataacha. Mshtuko wa kifafa haukatizwi na biskuti wala viboko. Na tafadhali, wapo wanaopigwa viboko. Nimewahi kumwona mtoto akichapwa shuleni kwa "kuduwaa", na mpaka leo najiuliza alikuwa na nini.

Kwa watoto wachanga dalili ni nyingine tena. Mtoto wa miezi michache anayejikunja ghafla, kichwa kikiinama na mikono ikiruka, mara moja, mara ya pili, mara ya kumi mfululizo, hasa akiamka usingizini, hana chango na wala hashtuki ndoto. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa aina hiyo ya kifafa huharibu ukuaji wa akili ikicheleweshwa.

Jambo la pili lililotusaidia ni simu. Binti yangu alimrekodi. Daktari alipoiona video ile aliirudia, akatuonyesha mkono ulipoanzia na macho yalipoelekea, akasema picha hiyo imemweleza mengi kuliko barua ya rufaa. Kifafa hutambulika zaidi kwa maelezo ya aliyeona. Mashine huja kusaidia. Tulipopewa rufaa kwenda Mwanza kwa kipimo cha umeme wa ubongo, ambapo hubandikwa nyaya nyembamba kichwani kwa kitu kama gundi, nilijua hatakubali mkono wa mgeni kichwani mwake. Kwa hiyo tulianza nyumbani mapema: kofia ya sufu kidogo kila jioni, kisha mafuta ya mgando yakipakwa sehemu sehemu za kichwa, kisha kofia juu ya mafuta. Siku ya kipimo alilia, lakini alikaa. Mwenye mtoto wa namna hii na ajue kwamba kipimo kinaweza pia kutoka safi na kifafa kikawepo, kwa sababu kinapima dakika zile tu alizolala pale kitandani.

Nilitaka kuelewa kwa nini mambo haya mawili yanakwenda pamoja, nikauliza na kusoma. Ubongo hufanya kazi kwa ishara ndogo ndogo za umeme kutoka seli hadi seli. Mshtuko wa kifafa hutokea seli nyingi zinapowaka kwa wakati mmoja bila mpango. Zikiwaka upande mmoja tu wa ubongo, utaona mkono unachuna nguo. Zikienea kote, mtoto ataanguka na kukakamaa. Daktari Leo Kanner, aliyeandika kule Marekani mwaka 1943 juu ya watoto 11 wenye hali tunayoiita leo usonji, alipochapisha mwaka 1971 habari za maisha yao ya ukubwani, wawili kati yao walikuwa wamepata kifafa. Tafiti zilizofuata zimekubaliana kwamba kifafa huwapata watu wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko wengine, hasa wale ambao pia wana ulemavu wa akili, na kwamba kina misimu miwili ya kujitokeza: utotoni kabla ya miaka mitano, na wakati wa kubalehe. Mzazi wa kijana mwenye usonji ambaye hajawahi kuanguka naye azijue dalili hizi.

Kwa kawaida usonji hauzai kifafa, wala kifafa hakizai usonji. Mara nyingi vyote viwili vimetoka kwenye mzizi mmoja: urithi, au mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au ugonjwa ulioujeruhi ubongo. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya kitabibu juu ya watoto wa Tanzania wenye usonji, na miongoni mwao walikuwamo ambao hali hiyo ilijitokeza baada ya malaria kali. Kwa mjukuu wangu hakuna aliyetuambia sababu kwa uhakika, na tulikuwa tumeanza kuona kwamba haoneshi kitu kwa kidole na hatazami usoni kabla hata ya ile malaria. Chanjo hazihusiki na lolote katika haya. Wala binti yangu hahusiki, wala ukoo wa baba yake. Nalisema hili kwa sababu kwenye vikao vya familia swali la kwanza huwa ni nani kamroga, na swali la pili huwa ni mama alikula nini au alitembea wapi.

Anguko la kwanza kubwa lilitokea Bunda, kwenye nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja wa wapangaji wote. Alikakamaa, akaanguka, mwili ukaanza kutikisika, povu likatoka. Watu walirudi nyuma. Mmoja alishika kijiko akitaka kumtia mdomoni asijing'ate ulimi, mwingine alivua kiatu amnusishe, mwingine akapaza sauti kwamba asiguswe, povu lile linaambukiza. Nilikuwepo. Nilimgeuza alale ubavu, nikaweka khanga chini ya kichwa, nikasogeza kigoda na jembe lililoegemezwa ukutani, nikamwambia binti yangu atazame saa kwenye simu. Basi. Hakuna zaidi ya hapo cha kufanya kwa mikono. Usimshike kwa nguvu, utamvunja. Usimtie chochote mdomoni, utamvunja meno au atapaliwa, ulimi haumezeki. Usimpe maji wala dawa ya kunywa mpaka aamke kabisa. Akimaliza, mwache alale ubavu, akae na mtu mmoja anayemjua, taa isiwe kali na watu watawanyike, kwa kuwa mtoto mwenye usonji akizinduka katikati ya duara la watu atapata hofu nyingine juu ya ile ya mshtuko.

Saa ni ya maana kuliko yote. Mara nyingi mshtuko hujiishia wenyewe ndani ya dakika mbili tatu. Ukifika dakika tano haujaisha, au ukiisha ukarudi kabla hajazinduka, ni dharura. Mtoto anatakiwa hospitali, apewe dawa ya kukata mshtuko. Daizepamu hupitishwa njia ya haja kubwa au kwenye mshipa, na nakushauri uiulize zahanati iliyo karibu nawe mapema, mchana kweupe, kama wanayo. Swali hilo halifai kuulizwa usiku mtoto akiwa mgongoni.

Lile neno la povu linanichoma kuliko yote. Povu ni mate. Halina kifafa ndani yake. Mate yamechanganyika na hewa, pengine na damu kidogo ya ulimi ulioumwa, na yanapanguswa kwa kitambaa. Lakini imani hiyo imeua watu Tanzania hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, kwa Wapogoro, akaandika habari za wagonjwa walioishi wametengwa, wanaokula peke yao, wenye makovu makubwa ya moto kwa sababu walipoangukia jikoni hakuna aliyethubutu kuwavuta. Aliwapa dawa ya bei ndogo, na wengi wakarudi kuishi na watu. Ni zaidi ya miaka 60 sasa. Sitaki mtoto wa mkoa wetu wa Mara aungue hivyo, kwa imani hiyo hiyo, wakati jirani yake amesimama na simu mkononi.

Dawa nazo zina habari ndefu, na hapa nitakaa kidogo.

Huku kwetu kifafa hutibiwa kwenye kliniki ya afya ya akili. Wapo wazazi wanaofika mlangoni, wakaona benchi la wanaosubiri, wakageuka, kwa kuogopa mtoto ataitwa kichaa. Nawaelewa, ila nawasihi wakae. Kifafa si wazimu, lakini wauguzi wa kitengo hicho ndio wanaozijua dawa zake kwa undani na ndio wanaokumbuka dozi ya mtoto wako. Benchi lile limenipa marafiki.

Alianzishiwa fenobabitoni, dawa kongwe, rahisi, inayopatikana. Inawasaidia watu wengi sana duniani. Shirika la Afya Duniani husema hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila mishtuko wakipata tiba sahihi. Mishtuko ilipungua. Lakini mtoto akageuka: alipanda madirisha, hakulala, alijing'ata mkono, akamng'ata na mama yake. Jirani akasema usonji umezidi. Mimi nilikuwa na daftari, na daftari lilionyesha kwamba vurugu ilianza ndani ya wiki ya dawa. Fenobabitoni hujulikana kwa kuwachangamsha kupita kiasi baadhi ya watoto, na mtoto ambaye tayari mwili wake hautulii huona taabu zaidi. Hatukuiacha wenyewe. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta mishtuko mfululizo isiyokatika, na hiyo huua. Tulirudi Musoma na daftari, daktari akaipunguza taratibu huku akiingiza valproeti kidogo kidogo kwa kufuata uzito wake. Baada ya muda tukampata tena mtoto wetu, pamoja na kuzunguka kwake na vizibo vyake.

Dawa iliyomfaa wetu isiwe ndiyo utakayomwomba daktari wako. Zipo zinazofaa aina moja ya kifafa na kuichochea nyingine. Kabamazepini ni mfano. Valproeti yenyewe kwa mabinti hutolewa kwa tahadhari kubwa, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni binti huyo akija kupata mimba. Na vidonge vya jirani ni vya jirani.

Katika daftari naandika tarehe, saa, alichokuwa anafanya, upande ulioanza, ilichukua dakika ngapi, kama alikuwa na homa, kama alilala usiku uliotangulia, kama kuna dozi iliyoruka. Siandiki "alisumbuliwa". Naandika nilichokiona. Kwa mtoto asiyesema, maandishi hayo ndiyo maelezo ya mgonjwa.

Kumnywesha nako ni kazi. Ulimi wake unaijua ladha ngeni hata ikiwa chembe. Wazazi wengi husaga kidonge na kukitia kwenye bakuli la uji. Mtoto akinywa nusu na kukataa, hujui amepata dozi gani, na pengine kuanzia siku hiyo akauchukia uji. Sisi hutumia kijiko kimoja cha ndizi mbivu iliyopondwa, na kabla ya kusaga chochote tulimuuliza mfamasia, kwa kuwa vipo vidonge vilivyotengenezwa viyeyuke polepole tumboni, na hivyo havisagwi.

Lakini hapa ndipo usonji wake uliponishangaza kwa wema. Mtoto huyu anapenda jambo lifanyike lilelile, kwa mpangilio uleule, saa ileile. Tukamtafutia kikombe cha plastiki cha kijani. Kikombe cha kijani, kijiko cha ndizi, dawa, maji, kizibo kimoja kipya cha soda. Asubuhi na jioni, Bunda na Butiama, haibadiliki. Siku hizi jua likianza kushuka huleta kikombe mwenyewe na kukiweka mapajani mwangu, na nikichelewa hunivuta kidole. Watu wazima wenye kifafa husahau dawa; yeye hasahau, wala haturuhusu sisi tusahau. Ninapokwenda msibani naubeba mkoba wenye kikombe hicho, kwa sababu kikombe cheupe hakikubali.

Misiba ina shida yake. Huku Mara tunalala nje msibani, moto unawashwa, spika zinapigwa mpaka alfajiri. Kwa mtoto huyu usiku kama huo una hatari mbili: kelele zinamtesa, na kukosa usingizi huchochea kifafa. Ndugu walinung'unika mwanzoni nilipokuwa naondoka saa mbili usiku na kurudi asubuhi. Sasa wanajua. Usingizi ni sehemu ya dozi yake. Homa ni mchochezi mwingine, kwa hiyo hulala ndani ya chandarua, na akichemka hupimwa malaria siku hiyohiyo.

Kisha kuna maji. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji kwa nguvu usiyoielewa, nao hutoroka bila kuaga. Mji wa Musoma umezungukwa na Ziwa Victoria karibu pande zote, na kwenda kliniki bila yeye kuliona ziwa haiwezekani. Mtoto mwenye kifafa akishikwa na mshtuko majini, hata maji ya magotini yanatosha. Kwa hiyo tukimaliza kliniki huwa tunashuka pamoja mpaka ufukweni, namshika mkono, anatazama maji mpaka atosheke, tunaondoka. Nimeona kwamba asipopewa nafasi hiyo ataitafuta mwenyewe. Mafundi nyavu na akina mama wanaoanika dagaa pale wanamjua sasa, na wamekubali kwamba wakimwona peke yake hawataulizana ni wa nani, watamshika kwanza. Nyumbani anaoga kwa kopo na ndoo, hakuna karai wala pipa linaloachwa wazi, na mlango wa bafu haufungwi kwa ndani. Jiko tulilihamisha kutoka mafiga matatu ya chini tukajenga la udongo lililoinuka hadi kiunoni, lenye ukuta mdogo mbele. Fundi alilijenga kwa siku moja. Ni ulinzi mkubwa kwa gharama ndogo, na ningependa kila nyumba yenye mtu wa kifafa iwe nalo.

Kanisani wanamwombea, nami naitikia amina kwa moyo wote. Mchungaji wetu alilielewa jambo moja muhimu, kwamba maombi hayamkatazi mtoto kumeza dawa, na alilisema mbele ya waumini. Nimekutana na mama kwenye benchi la kliniki ambaye aliambiwa kwingine kwamba kuendelea na vidonge ni kukosa imani. Mwanawe alirudi hospitali akiwa katika hali mbaya sana. Viongozi wa dini, wa makanisa na misikiti, wakilitamka neno hilo moja hadharani wataokoa watoto wengi kuliko semina.

Bado dawa hukosekana. Kuna miezi tunaambiwa zimeisha, tununue dukani, na si kila duka la dawa huziuza. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta zaidi ya nusu ya watu wenye kifafa hawakuwa kwenye matibabu, na kule Kilifi, Kenya, watafiti wamekuta hali ya namna hiyo hiyo. Mei 2022 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya ubongo utakaokwenda hadi 2031. Ni jambo jema. Mimi kipimo changu cha mpango huo ni kabati la zahanati ya kijiji: fungua mlango wake Januari, fungua tena Agosti, uone kama dawa ipo. Kwa sasa hatusubiri kidonge cha mwisho. Tunarudi kliniki tukiwa na akiba ya wiki mbili.

Mwaka huu ameanza shule Bunda. Mwalimu wake, binti mdogo kabisa, alikuja kwangu akasema, "Shikamoo mwalimu. Sijui nitafanyaje akianguka." Nilimpenda kwa kusema ukweli huo. Tulikaa tukaandika karatasi moja: mlaze ubavu, ondoa madawati, tazama saa, usimtie kitu mdomoni, dakika tano piga simu namba hizi. Upande wa pili tukaandika habari za usonji wake: kengele ya shule inamuumiza, mtoe nje kabla haijagongwa, akipanga vizibo usivivuruge, akiduwaa na mkono unachuna nguo, tikisa kopo. Aliwasomea wanafunzi wote. Ameshapata mshtuko mmoja darasani, na aliyetazama saa alikuwa mtoto wa miaka saba anayekaa dawati la mbele.

Karatasi hiyo naibadilisha kila dozi inapobadilika, maana anakua na uzito unapanda. Nakala ya pili anayo mama mwenye duka jirani na binti yangu, ya tatu anayo kijana wa bodaboda anayempeleka shule, na ya nne iko nyuma ya kadi yake ya kliniki.